Ngome ya udongo: kwa nini mahandaki ya Bigo bya Mugenyi hayakarabatiwi kwa jembe

Wakulima wanaoishi kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, wilayani Kasese, wanaifahamu vyema kazi ya kuchimba handaki. Pale ambapo shamba la mahindi au pamba linapakana na hifadhi, handaki lenye kina cha takriban mita 2 huweza kumfanya tembo ageuke na kurudi alikotoka. Wanafahamu pia kwamba handaki halidumu lenyewe. Mvua ikinyesha, kingo hubomoka, udongo huteremka, nyasi huota, na baada ya misimu michache tembo hupita mahali palepale alipozuiwa. Dawa yake ni moja: watu washike majembe na makoleo, walizibue upya.

Kiasi cha kilomita 150 mashariki mwa Mweya, katika bonde la Mto Katonga, yako mahandaki mengine, makubwa kuliko hayo na ya zamani zaidi. Yalichimbwa yapata miaka 500 hadi 700 iliyopita, nayo yamejaa udongo, nyasi na miti. Huitwa Bigo bya Mugenyi. Hayo ndiyo magofu makubwa kabisa ya ngome ya zama za kati yanayojulikana nchini Uganda. Hata hivyo, dawa inayoliponya handaki la tembo ndiyo sumu inayoweza kuyaua mahandaki haya. Ukiyazibua kwa jembe, hukuyaokoa, umeyafuta.

Makala haya yanaeleza ngome hiyo ni nini, ilijulikanaje, na kwa nini kuikarabati ni kazi ngumu kuliko kusimamisha upya ukuta wa mawe ulioanguka.

Ngome isiyo na ukuta

Neno ngome linapotajwa Kasese, wengi hukumbuka Fort George ya Katwe, iliyojengwa mwaka 1891 na Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni ya Imperial British East Africa, ili kuyashika maziwa ya chumvi. Hiyo ni ngome ya mwanzo wa ukoloni. Bigo bya Mugenyi ilikuwa imekwisha kuzeeka, pengine imekwisha kuachwa ukiwa, kwa karne nyingi kabla Lugard hajaiona ardhi hii.

Ngome hiyo imo katika Wilaya ya Sembabule, upande wa kusini wa Mto Katonga. Bonde la Katonga si geni kabisa kwa wakazi wa magharibi. Ni ukanda mrefu wa vinamasi unaoanzia upande wa Ziwa George, lile linalomwaga maji yake katika Mfereji wa Kazinga mbele ya Mweya, na kuendelea mashariki hadi Ziwa Victoria. Katika bonde hilo, mahali penye malisho mema na maji ya kudumu, watu wa kale walichagua kilima na kukizungushia mahandaki.

Mgeni anayefika Bigo akitazamia kuona mnara, lango la mawe au ukuta wenye matundu ya kurushia mishale hurudi amekata tamaa. Hakuna jiwe lililopangwa juu ya jingine. Kilichopo ni mistari mirefu ya mahandaki na matuta. Handaki la nje huanza kwenye kinamasi cha mto, hupinda na kuzunguka nyika, kisha hurudi kwenye kinamasi, ili mto wenyewe uwe sehemu ya boma. Ndani yake, juu ya kilima, yamo mahandaki mengine yaliyozunguka eneo dogo zaidi, ambalo watafiti wengi wamelifikiria kuwa ndilo makazi ya mkuu. Urefu wa mahandaki yote ukijumlishwa hupita kilomita 10, na katika sehemu kadhaa wachimbaji walipita udongo wakaingia katika mwamba wenyewe.

Bigo haiko peke yake. Umbali mfupi kuelekea kusini upo mji wa kale wa Ntusi, penye vilima vya takataka za karne nyingi, ambamo mifupa ya ng'ombe imelala pamoja na vigae vya vyungu na majivu. Kaskazini zaidi, katika nchi ya Bunyoro, yapo mahandaki ya Munsa, yaliyozunguka kilima cha mawe. Kibengo na Kasonko ni majina mengine katika orodha hiyohiyo. Kwa pamoja, maeneo haya yanaonyesha kwamba wakati Ulaya ikijenga ngome zake za mawe, na wakati masultani wa Kilwa wakijenga majumba ya matumbawe, nyika za magharibi mwa Uganda zilikuwa na watu waliojua kupanga kazi kubwa, kulisha umma mkubwa na kuisimamia nchi.

Masimulizi ya Wachwezi na ushahidi wa udongo

Ukiwauliza wazee wa Bunyoro, Toro, Ankole au Busongora ni nani aliyezichimba ngome hizo, jibu la kwanza litakuwa Wachwezi. Masimulizi yanawataja watawala wachache tu wa ukoo huo, wakiwemo Ndahura na mwanawe Wamara, waliotawala nchi kubwa iliyoitwa Kitara, kisha wakatoweka ghafla na kuwaachia utawala Wababito waliotoka kaskazini. Mugenyi ni mmoja wa Wachwezi hao. Anakumbukwa hasa kwa mapenzi yake kwa ng'ombe wake, Bihogo, ambaye kifo chake nusura kimtoe Mugenyi mwenyewe roho, kwa kuwa alikuwa ameapa kutoishi baada yake.

Msemaji wa Kiswahili atalisikia katika jina hilo neno analolijua. Omugenyi, kwa Kiganda na kwa Kinyoro, ni mgeni. Bigo ni maboma au ngome. Bigo bya Mugenyi, basi, ni ngome za Mugenyi, au ngome za mgeni. Tafsiri hii ya pili ilileta madhara. Waandishi wa Kizungu wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 walikuwa tayari wanaamini kwamba kila jambo kubwa katika Afrika lililetwa na jamii ya watu weupe au karibu weupe kutoka kaskazini. John Hanning Speke aliieneza fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1863, alipoandika kuhusu watawala wa nchi za maziwa makuu. Baada yake, Wachwezi walifanywa kuwa Wamisri, au watu wengine wowote, mradi tu wasiwe watu wa hapa.

Udongo ulitoa ushahidi tofauti. Mwaka 1957 Peter Shinnie alichimba Bigo kitaalamu, na mwaka 1960 Merrick Posnansky akaendeleza kazi hiyo. Vyungu vilivyopatikana vilikuwa vya aina inayojulikana katika eneo zima la maziwa makuu, vyenye nakshi iliyotiwa kwa kuviringisha kamba au nyasi zilizosukwa juu ya udongo mbichi. Hiyo ni kazi ya wafinyanzi wa Afrika ya Mashariki, na wapo wanaoifanya hadi leo. Mkaa uliokusanywa katika matabaka ulipimwa kwa njia ya kaboni, na umri wake ukaangukia takriban karne ya 14 hadi ya 16.

Posnansky aliona kwamba masimulizi na matokeo ya uchimbaji yanakubaliana, na kwamba Bigo huenda ilikuwa mji mkuu wa Wachwezi. Watafiti waliomfuata, akiwemo John Sutton, na wale waliochimba upya Ntusi na Munsa katika miaka ya 1980 na 1990, walikuwa waangalifu zaidi. Walisema kwamba kigae hakina jina la mfalme. Udongo unaweza kutuambia watu walikula nini, walifuga nini na waliishi lini. Hauwezi kutuambia kama mwenye boma aliitwa Wamara. Ntusi, ambayo ilikaliwa tangu karibu karne ya 11, ilionyesha pia kwamba jamii hiyo haikuzuka ghafla wala haikuletwa tayari kutoka mbali. Ilikua polepole, ikifuga ng'ombe na kulima nafaka, kwa vizazi vingi kabla ya handaki la kwanza kuchimbwa.

Hoja hii haiyatupi masimulizi ya wazee. Yanabaki kuwa urithi wenye thamani yake, na yanaeleza jinsi watu walivyoyaelewa mamlaka, ukoo na utakatifu wa nchi. Linalokataliwa ni kuyageuza kuwa hati ya kumnyima mwenyeji kazi ya mikono ya babu zake.

Lilichimbwa kumzuia nani?

Swali la pili ni gumu zaidi. Handaki lenye tuta hufikiriwa kwanza kuwa la vita. Lakini boma ambalo mzunguko wake ni wa kilomita nyingi linahitaji maelfu ya askari ili lilindwe usiku na mchana, na mahandaki ya Bigo yana nafasi kadhaa za kupitia. Adui mwenye subira angepata pa kuingilia.

Ndiyo maana wapo wanaoamini kwamba handaki la nje lilikuwa kwanza boma la mifugo: lilikusanya malisho na maji ya Katonga mahali pamoja, likazuia ng'ombe wasitawanyike na wezi wasiwaswage kwa urahisi. Kuhusu Munsa, ambako kilimo kilikuwa na nafasi kubwa, limetolewa wazo ambalo mkulima wa Kasese hatalicheka: huenda sehemu ya mahandaki ilikuwa ya kuwazuia tembo wasiingie mashambani. Na zaidi ya yote, handaki kubwa ni tangazo. Linamwambia kila apitaye kwamba mwenye mahali hapa ana uwezo wa kuwaita watu wengi, nao wakaja.

Ukubwa wa uwezo huo unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Tuchukue mfano wa handaki lenye umbo la herufi V, upana wa mita 4 juu na kina cha mita 3. Kila mita moja ya urefu wake inatoa mita za ujazo 6 za udongo. Kwa kilomita 10 tunapata mita za ujazo 60,000. Mtu mwenye jembe la chuma, mti wa kuchokolea na kikapu akitoa mita za ujazo 2 kwa siku, kazi yote itahitaji siku 30,000 za mtu mmoja. Yaani watu 300 kwa siku 100, bila kuhesabu wapikaji, wachota maji na wafua chuma. Na pale penye mwamba, kazi huongezeka maradufu. Watu hao walipaswa kulishwa, na chakula hicho kilitoka kwa wengine waliolima na kufuga huku wao wakichimba. Nyuma ya kila handaki, kwa hiyo, kuna ghala, zizi na utawala.

Mawe, nyasi na udongo

Sasa tufike kwenye swali la ukarabati. Afrika ya Mashariki imepata mafunzo mawili makubwa katika miongo ya karibuni, na yote mawili yanasaidia kuona kwa nini Bigo ni tofauti.

La kwanza ni la Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania. Humo yamo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika lenye pembe nane. Umo Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza kabla ya jumba hilo. Ipo pia Gereza, ngome iliyojengwa pale ambapo Wareno waliweka ngome yao mwaka 1505, na iliyopo leo ni zaidi kazi ya Waomani. Magofu ya Kilwa na jirani yake Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatangazwa kuwa hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikila ufuo na kuta zilikuwa zikianguka. Kazi ya miaka kumi ikafuata: kuta zilishikizwa, kingo za bahari zikawekewa mawe na mikoko, wanakijiji wakashirikishwa, na mwaka 2014 hatari ikaondolewa.

Kanuni ya kazi ya mawe inaeleweka. Jiwe lililoanguka linaweza kurudishwa, mradi lifungwe kwa chokaa kama ile ya zamani. Saruji ya kisasa ni ngumu mno kwa matumbawe. Huzuia ukuta usipumue, chumvi na unyevu vikabaki ndani, na jiwe likapasuka. Anayekarabati kwa haraka kwa mfuko wa saruji huacha ukuta unaoonekana imara kwa miaka kumi na unaokufa katika miaka thelathini.

Funzo la pili ni la Kasubi, jijini Kampala. Nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka wa Buganda, iitwayo Muzibu-Azaala-Mpanga, iliteketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Ilijengwa kwa miti, matete, nyasi na magome ya mutuba. Nyasi iliyoungua hairudi, lakini nyasi mpya ni halali, kwa sababu nyumba hiyo tangu mwanzo iliezekwa upya kila ilipochakaa. Kilichopaswa kuokolewa zaidi ya vifaa ni ujuzi: nani anaruhusiwa kuezeka, kwa utaratibu gani, kwa miiko ipi. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi, na mnamo Septemba 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini.

Bigo haina jiwe la kurudisha wala paa la kuezeka upya. Imebaki na kitu kimoja tu, nacho ni udongo jinsi ulivyolala. Hapo ndipo ugumu unapoanza.

Handaki lililojaa ni kitabu kilichofungwa

Handaki linapoachwa, halijai hovyo. Katika mvua za kwanza, kingo zake zilizo wazi hubomoka, na mawe pamoja na udongo mzito huangukia chini. Baada ya hapo kingo hupata mteremko wa kutulia, na udongo laini huteremka kidogokidogo kila msimu. Mwishoni nyasi huota, mizizi hushika, na tabaka jeusi lenye rutuba hujengeka juu. Kati ya matabaka hayo hunaswa kila kilichokuwa karibu: majivu ya moto, kigae cha chungu kilichovunjika, mfupa wa ndama, chembe za mkaa, hata vumbi la maua ya mimea ya wakati huo.

Mtaalamu anayekata handaki kwa mstari mmoja mwembamba, polepole, akipima kila tabaka, anaweza kujua lilichimbwa lini, liliachwa lini, lilizibuliwa mara ngapi na wenyewe, na nchi ilikuwa ya mvua au ya ukame. Lakini ukurasa ukisomwa kwa njia hiyo huharibika, kwa kuwa udongo uliochimbwa hauwezi kurudishwa kama ulivyokuwa. Ndiyo maana wanaakiolojia waangalifu huchimba sehemu ndogo na kuacha iliyo kubwa kwa wajukuu, ambao watakuwa na vipimo bora kuliko vyetu.

Afrika ilikwisha kulipa gharama ya kusahau jambo hili. Mwaka 1902 mwandishi wa habari, Richard Hall, aliteuliwa kuyatunza magofu ya Great Zimbabwe. Kwa kutaka kuyapendezesha, na kwa kuamini kwamba yalijengwa na wageni wa kale kutoka nje ya Afrika, aliamuru udongo uliokuwa ndani ya kuta uondolewe, akiuona kuwa uchafu wa Waafrika waliofika baadaye. Alifukuzwa kazi mwaka 1904, lakini udongo ulikuwa umekwisha kutupwa. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba katika sehemu zilizosalia na kuthibitisha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika, lakini sehemu kubwa ya ushahidi wa maisha yao ilikuwa imepotea, nayo haitarudi. Kuta za Great Zimbabwe bado zimesimama. Kilichopotea ni sauti ya waliokaa ndani yake.

Kwa hiyo, mtu anaposema Bigo ikarabatiwe kwa kuzibua mahandaki ili watalii waone kina chake cha zamani, anapendekeza bila kujua kile alichokifanya Hall. Handaki safi lingependeza kwa picha. Lingekuwa pia handaki la mwaka huu, si la miaka 600 iliyopita.

Kukarabati ni kulinda

Ina maana hakuna la kufanya? Hapana. Kazi ipo, ila ni ya subira na haina sherehe ya kukata utepe. Miti mikubwa inayoota juu ya tuta hukatwa usawa wa ardhi, wala haing'olewi, kwa sababu mzizi unaong'olewa hutoka na tuta. Nyasi fupi huachwa zifunike mteremko, kwani ndizo zinazoshika udongo mvua inaponyesha. Mapito ya ng'ombe na ya watu huelekezwa mahali maalumu, ili kwato zisichonge tuta kila siku mahali palepale. Njia ya maji ya mvua hugeuzwa kabla haijawa korongo. Mipaka hupimwa na kuwekewa alama zinazoonekana. Na sehemu moja fupi, iliyokwisha kuchimbwa na wataalamu, huweza kuachwa wazi ili mgeni aone umbo la asili, huku sehemu zilizobaki zikilala salama.

Hatari kubwa kwa Bigo si mvua bali ni trekta. Ardhi ya Sembabule ni ya ufugaji na kilimo, na inazidi kuhitajiwa. Tuta lililodumu karne sita linaweza kusawazishwa kwa plau katika alasiri moja, na anayefanya hivyo mara nyingi hana nia mbaya; ameona kilima kidogo kinachomzuia kulima. Wapo pia wanaochimba usiku wakitafuta dhahabu ya wafalme, ingawa yaliyopatikana katika uchimbaji wa kitaalamu ni vigae, mifupa na vipande vya chuma. Hayo yana thamani kwa elimu, si kwa sonara.

Sheria ipo. Sheria ya minara ya kihistoria ya mwaka 1967 iliipa serikali uwezo wa kulitangaza eneo kuwa la kulindwa na kuzuia kulibadili au kuliharibu bila idhini. Idara ya Makumbusho na Minara, iliyo chini ya wizara inayoshughulikia utalii, ndiyo yenye dhamana. Uganda pia imeiweka Bigo katika orodha ya awali ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kuwa Urithi wa Dunia, heshima ambayo Milima ya Rwenzori, juu ya Kasese, ilikwisha kuipata mwaka 1994. Lakini sheria iliyo kwenye karatasi haiwezi kukaa nyikani usiku na mchana. Anayekaa huko ni mfugaji.

Hapa uzoefu wa magharibi una la kufundisha. Wakazi wa kandokando ya hifadhi wanajua kwamba mpaka hulindwa vizuri pale ambapo jirani anapata kitu: sehemu ya mapato, ajira ya uongozaji wageni, njia ya kufikia maji, na kusikilizwa anapolalamika. Pale ambapo jirani hupata amri tu, mpaka huwa adui. Mfugaji wa Bigo ambaye ameelezwa kwa lugha yake kwamba tuta lililo nyuma ya zizi lake lilichimbwa na wafugaji kama yeye, na ambaye mtoto wake analipwa kuwaongoza wageni, ni mlinzi bora kuliko uzio wowote. Vivyo hivyo kwa wale wanaokwenda katika maeneo ya Wachwezi kuomba na kutambika: wakishirikishwa, huwa wa kwanza kutoa taarifa plau inapokaribia.

Jambo la kufanya unapookota kigae

Huenda Bigo si ya mwisho. Katika nyika na vilima vya magharibi mwa Uganda, mkulima anaweza bado kukutana na mstari wa handaki uliofichwa na majani, rundo la mabaki ya kuyeyushia chuma, au vigae vyenye nakshi ya kamba. Wataalamu wanashauri mambo machache: usiendelee kuchimba mahali hapo, kiache kitu pale kilipo, kwa kuwa kigae kilichohamishwa hupoteza nusu ya habari zake, piga picha ukiweza, na mjulishe mwenyekiti wa LC wa kijiji chako ili habari ifike kwa ofisi ya wilaya na kwa Idara ya Makumbusho na Minara, ambayo inasimamia pia Makumbusho ya Uganda jijini Kampala.

Handaki la tembo huchimbwa ili mavuno ya mwaka huu yaokoke, na ni sawa kulizibua kila linapojaa. La Bigo lilikwisha kuimaliza kazi yake ya kwanza karne nyingi zilizopita. Kazi iliyobaki nayo ni ya kutunza habari za waliolichimba, na kazi hiyo linaifanya vyema likiachwa limejaa.